Santuri za Kutisha Zisizotisha

Leo nataka tuzungumze juu ya kutishwa. Ndiyo, kutishwa, tena kwa hiari, tena kwa hela yako mwenyewe.

Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, na wale walioko Uingereza na Ireland, wanajua ninachokisema. Oktoba inapoelekea ukingoni, nyumba za majirani hubadilika sura. Maboga huchongwa macho na meno, ndani yake huwashwa mshumaa. Mafuvu ya plastiki hutapakaa bustanini. Watoto huvaa mavazi ya vizuka na kugonga mlango hadi mlango wakidai peremende. Ni Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote. Desturi hii ilitoka Ireland na Uskoti, ikavuka bahari pamoja na wahamiaji, na ilipofika Marekani ikanenepa.

Sasa, katika sherehe hiyo kuna jambo moja linalotugusa sisi watu wa redio moja kwa moja. Jambo lenyewe ni sauti. Miaka nenda miaka rudi, msimu huo ukifika, madukani hupangwa milio ya kutisha ya kununua. Zamani ilikuwa kwenye santuri, zikaja kanda, zikaja sidii, na siku hizi kuna rekodi za saa nzima mtandaoni. Mlango unalia. Minyororo inaburutwa. Upepo unavuma. Mwanamke anapiga ukelele, mzee anacheka. Juu ya jalada kuna nyumba chakavu kilimani, mwezi mpevu nyuma yake, na maandishi yanayochuruzika damu. Mtu ananunua, anafika nyumbani, anazima taa, anaiweka santuri kwenye mashine. Halafu?

Halafu hakuna kitu. Dakika ya kwanza mtoto anamsogelea mama. Dakika ya tatu anauliza kama kuna juisi. Ikifika dakika ya kumi, watu wazima wameshaanza kuzungumza habari za kazi na kodi ya nyumba, na yule mwanamke bado anapiga ukelele wake pale pembeni, hakuna anayemjali.

Kwa nini? Nyumba imejaa vilio, ngurumo na mbwamwitu, mbona nywele hazisimami? Nimezisikiliza nyingi za santuri hizi, na zimenisikitisha, kwa sababu naipenda kazi ya sauti na najua inaweza nini. Jibu langu nalitoa mapema, tena nitalirudia, maana redioni jambo likisemwa mara moja hupeperuka. Mlio peke yake haumtishi mtu. Kinachomtisha ni kungoja. Mtu hushikwa na hofu pale anapojua jambo linakuja na hajui litafika lini.

Hebu turudi nyuma kidogo, tuwatazame waliokuwa wakiifanya kazi hii vizuri.

Mwaka 1934, mjini Chicago, mtunzi aitwaye Wyllis Cooper alianzisha kipindi cha redio kilichoitwa Lights Out. Kilirushwa usiku wa manane, watoto wakiwa wamelala. Baadaye kikashikwa na Arch Oboler. Watu hawa hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na kipaza sauti, meza, na vitu vya sokoni. Wakitaka kichwa kikatwe, walichukua kabichi na kisu kizito. Wakitaka mfupa uvunjike, fundi alisogea karibu kabisa na kipaza sauti akavunja peremende ngumu kwa meno. Kiko kisa kimoja ambamo mwanadamu anageuzwa ndani nje, nyama ikawa nje na ngozi ndani. Unafikiri walifanyaje? Walichukua glavu ya mpira iliyoloweshwa, wakaivua taratibu kwa kuigeuza mbele ya kipaza sauti, huku mwenzao akiponda kikapu chepesi cha matunda. Mpira ukawa ngozi, kikapu kikawa mbavu.

Nakuomba uangalie jambo hapo. Ile glavu ukiisikia peke yake ni glavu tu. Huwezi kuijua. Inageuka kuwa mwili wa mtu kwa sababu dakika kadhaa zilizopita mhusika ameshakuambia alichokiona, ukaelewa, ukaomba kisitokee tena, kisha ukasikia kinatokea. Maneno yametangulia, mlio ukafuata. Mtayarishaji amekufanya ungoje, tena ungoje kitu usichokitaka.

Mfano mwingine unaujua, au umeusikia ukitajwa. Tarehe 30 Oktoba 1938, usiku mmoja kabla ya Halloween, Orson Welles na kundi lake walirusha kupitia CBS mchezo wa redio uliotokana na riwaya ya H. G. Wells, ule wa viumbe wa sayari ya Mars kuivamia dunia. Magazeti ya kesho yake yalieneza kwamba nchi nzima ilikimbia ovyo barabarani. Watafiti waliochunguza baadaye wanasema habari hizo zilikuzwa mno. Hilo tuliache. Mimi nataka tuutazame mchezo wenyewe kwa masikio ya fundi.

Ndani yake kuna mwandishi wa habari anayetangaza kutoka shambani, pale chombo cha wageni kilipoanguka. Mwigizaji wake, Frank Readick, alikuwa amejiandaa kwa kusikiliza rekodi ya mtangazaji aliyeshuhudia ndege ya puto ya Hindenburg ikiteketea mwaka 1937. Kwa hiyo sauti yake inapanda vile vile, inakatika vile vile. Anaeleza moto unavyosambaa, unavyokuja upande wake, hatua kwa hatua. Kisha anakatika. Na baada ya hapo Welles aliamuru nini? Ngurumo? Kilio? Kinanda? Hapana. Aliamuru kimya. Redio ya taifa, saa za watu wengi, sekunde kama sita bila neno wala muziki.

Unaziona sita ni chache? Basi tuzipime pamoja. Nanyamaza sasa.

(Kimya.)

Umeona zilivyo ndefu? Baadhi yenu mmeshanyoosha mkono kugusa kitufe, mkidhani mitambo imeharibika. Mkono huo uliojinyoosha wenyewe ndio kitu ninachokizungumzia. Hakuna mlio wa dukani ambao ungeweza kuunyoosha.

Sasa tuje kwenye santuri zenyewe, na nianze na iliyo maarufu kuliko zote. Mwaka 1964 kampuni ya Disney, kupitia tawi lake la Disneyland Records, ilitoa santuri ya milio ya nyumba yenye mizimu, jina lake Chilling, Thrilling Sounds of the Haunted House. Jalada lilikuwa na onyo kwamba si ya watoto wa miaka mitatu hadi minane. Wamarekani waliokua miaka ile wanaikumbuka hadi leo, na wapo wanaoitafuta kwenye masoko ya vitu vikuukuu wakiwa na wajukuu.

Santuri hii ina pande mbili, kama zote. Lakini pande hizi mbili zinanifaa kuliko mifano mingine yote niliyo nayo, kwa sababu upande mmoja umefaulu na mwingine umekwama, ingawa kampuni ni ile ile na mwaka ni ule ule.

Upande wa kwanza una msimuliaji, mwanamke aitwaye Laura Olsher. Kabla ya kila kisa anazungumza nawe wewe unayesikiliza. Anakuweka mahali. Upo kwenye daraja bovu. Upo melini. Upo mbele ya nyumba ambayo hakuna anayekaa. Sauti yake ni tulivu, haina haraka, tena ina ukali fulani wa chini chini, wa mtu anayejua mwisho wako na hana mpango wa kukuokoa. Akishamaliza, anakuacha na milio. Kimojawapo cha visa hivyo kinahusu utambi mrefu sana wa baruti. Jina lenyewe linakueleza kila kitu: utambi ni mrefu. Unajua utalipuka. Swali ni lini. Ukiwa mtoto wa miaka tisa umekaa sakafuni gizani, huo utambi unaweza kuwa mrefu kuliko mwaka mzima wa shule.

Geuza santuri. Upande wa pili hauna Olsher. Kuna milio mitupu, imepangwa kwa mafungu: vilio na miguno, ngurumo na mvua, paka wanaopigana, mbwa, milango inayolia, vitu vinavyoanguka na kuvunjika. Kila fungu linaisha, linafuata jingine. Mlango wa nani? Haijulikani. Nani analia? Haijulikani. Uko wapi wewe? Hupo popote. Hapo ndipo mtoto anapokumbuka juisi.

Nadhani umeliona ninalolitafuta. Mafundi ni wale wale, milio imetoka kabati lile lile. Kilichoondoka ni mtu wa kukuweka mahali na kukungojesha. Sisi tuliolelewa na hadithi za jioni hatuhitaji kufundishwa somo hili na Disney. Bibi alipoita «Paukwa», nasi tukaitika «Pakawa», tayari tulikuwa tumeshatoka sebuleni tumeingia porini, na zimwi lilipokuja kusema neno lake moja, bibi hakuhitaji hata kupaza sauti.

Kwa haki ya wale mafundi, upande ule wa pili ulikuwa na matumizi yake. Mtu aliweza kuuchezesha karibu na dirisha watoto wa jirani wanapokuja mlangoni, au kuutumia kwenye maigizo. Shida ni kwamba miaka iliyofuata, watengenezaji wengi walipoona santuri ya namna hii inauzika, waliiga upande gani? Waliiga wa pili. Ni rahisi. Hauhitaji mtunzi, hauhitaji msimuliaji, unahitaji mkasi na gundi.

Huko Uingereza nako BBC, mwaka 1977, ilitoa santuri katika mfululizo wake wa milio, namba 13, iliyoitwa Death & Horror, yaani kifo na vitisho. Ukiyasoma majina ya vipande vyake utasisimka: shingo inayovunjwa, chuma cha moto jichoni. Mary Whitehouse, mama aliyejulikana kwa kupigania maadili katika utangazaji, aliilalamikia. Lakini ukivisikiliza, kila kipande ni cha sekunde chache tu, na unapoanza kujiuliza kinachoendelea kimeshakwisha. Mfululizo ule ulikusudiwa watu wa maigizo na watengeneza filamu wa kujitolea, wachomoe mlio wanaoutaka waupeleke kwenye kazi yao. Aliyeinunua santuri hiyo ili aisikilize jioni pamoja na wageni alikuwa amenunua pakiti ya bizari, mdalasini na hiliki akidhani amenunua pilau.

Kuna jambo jingine linalozidhoofisha santuri hizi, nalo ni uchovu wa milio yenyewe. Wenye masikio makali wananielewa. Mwaka 1931, ilipotengenezwa sinema ya Frankenstein, ilirekodiwa ngurumo moja kali sana. Ngurumo hiyo ikatunzwa, ikatumika tena na tena kwenye sinema na katuni kwa miongo mingi. Mtoto wa Marekani wa miaka ya 1970 alikuwa ameshaisikia kwenye katuni za Jumamosi asubuhi, akiwa anakula, jua linawaka. Leo unamwekea santuri ya Halloween, unatarajia atetemeke kwa ngurumo ile ile? Kiko pia kilio cha mwanamume kilichorekodiwa kwa ajili ya sinema ya mwaka 1951, mtu akiumwa na mamba kinamasini. Fundi Ben Burtt alikichomoa akakitia kwenye Star Wars, na wenzake wakafuata, hata leo watazamaji wanakisubiri ili wacheke. Mlio ukishazoeleka kiasi hicho, umestaafu.

Tuje kwenye muziki, maana santuri hizi mara nyingi huchanganya milio na nyimbo. Hapa nina la kusema, tena lina uchungu kidogo.

Wimbo unaoongoza ni Monster Mash wa Bobby Pickett, wa mwaka 1962, uliofika kileleni mwa chati za Marekani Oktoba ile ile. BBC waliukataa kwa miaka kadhaa wakiona unachezea habari za maiti, na uliporuhusiwa mwaka 1973 ukafika nafasi ya tatu Uingereza. Ni wimbo wa kuchekesha, hautishi wala haukukusudia. Lakini sikiliza mwanzo wake ulivyotengenezwa. Jeneza linalofunguka ni msumari wenye kutu unaong'olewa kwenye ubao. Chungu kinachotokota ni maji yanayopulizwa kwa mrija. Minyororo ni minyororo kweli, imeangushwa sakafuni. Watu walikaa studio wakaumba mahali kwanza, kisha wakaimba. Mkusanyiko wa bei rahisi unachukua jina la wimbo huu, unaupa kundi la studio lisilojulikana liuimbe upya, kwa kuwa rekodi halisi ina gharama zake. Jina kwenye jalada ni lile lile, herufi kubwa. Mnunuzi anafika nyumbani anakuta sauti ya mtu mwingine, ngoma ya mashine, na mrija wa maji haupo. Mambo haya si ya haki kwa msikilizaji, na nayasema bila kupepesa.

Vile vile kwa muziki wa sinema. Mnazijua zile nyuzi za fidla zinazochoma masikio kwenye sinema ya Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Mtunzi wake ni Bernard Herrmann, aliyetumia vyombo vya nyuzi peke yake. Mikusanyiko ya Halloween inazikata zile nyuzi inakuwekea peke yake. Rudi kwenye sinema yenyewe. Kabla ya mwanamke kushambuliwa kwa kisu bafuni, muda wote anapooga, unasikia nini? Maji. Maji ya bomba, hakuna muziki hata chembe. Unajua kuna mtu nyuma ya pazia, na maji yanaendelea kutiririka. Nyuzi zinapokuja, umeshaiva. Ukiondoa maji yale, zinabaki fidla zinazokwaruza.

Na John Carpenter, aliyeongoza sinema iitwayo Halloween ya mwaka 1978, ametoa ushuhuda mzuri. Aliwahi kumwonyesha afisa mmoja wa kampuni kubwa ya filamu sinema yake ikiwa bado haina muziki wala milio. Yule mama hakutishika hata kidogo. Carpenter akaketi mwenyewe akatunga muziki, kinanda kinachorudia rudia kwa mapigo matano, mapigo ambayo baba yake alimfundisha kwa ngoma ndogo za bongo alipokuwa kijana. Sikio letu limezoea manne. Linapofika la tano, mwili unasita, unangoja pahali pa kukanyaga, na kabla hujapata wimbo umeshaanza upya. Muziki huo ni rahisi, mtoto anaweza kuucheza kwa kidole. Kazi yake yote ni kukungojesha. Nasema tena, ni kungoja.

Sitaki uondoke ukidhani kila aliyeingia kwenye biashara hii ameharibu. Wapo waliojali. Kule Ohio, Edward Douglas na kundi lake la Midnight Syndicate, tangu santuri yao ya mwaka 1998, Born of the Night, wametunga muziki mpya usio na maneno, wa polepole, ambao unajenga nyumba chumba baada ya chumba. Wenye majumba ya kutisha ya kiingilio huutumia sana, na sababu inaeleweka. Unaacha nafasi. Mtu anayetembea kwenye korido ya giza anahitaji nafasi ya kuzisikia nyayo zake mwenyewe.

Na kuna swali ambalo santuri hizi hazijajiuliza kabisa: anayesikiliza ni nani? Mbwamwitu anayelia mlimani ana historia ndefu katika hofu za Wazungu. Kinanda cha kanisa nacho, wao wamekisikia kwenye sinema za miaka ya 1930 hadi kimekuwa cha mashetani. Kwa mtu aliyelelewa parokiani kwetu kinamkumbusha Pasaka. Ila mpe mtu wa Tabora au Dodoma fisi anayecheka usiku nyuma ya nyumba, akiwa na yote aliyosimuliwa juu ya wachawi na fisi wao. Mpe mtu wa pwani bundi, mara moja tu, juu ya paa la nyumba yenye mgonjwa. Mara moja. Uone kama ataulizia juisi.

Basi mzazi unayenisikiliza kutoka Columbus au Toronto, watoto wamekushika shati wanataka nyumba yao nayo iogofye mwaka huu, nikushauri nini kwa mujibu wa haya? Usinunue saa nzima ya vilio. Chagua mlio mmoja. Mmoja tu, na uwe mdogo: nyayo, au kitu kinachokwaruza mbao. Spika usiiweke mlangoni wanapoitazamia. Ifiche upande wa pili wa nyumba, nyuma ya ua, mahali ambapo mtoto atageuka na asione kitu. Mlio upite, kisha kimya kirefu, dakika mbili au tatu, mpaka walioko pale wameanza kuambiana kwamba wamekosea. Ndipo urudi, karibu kidogo zaidi.

Ukiweza, kaa nao kabla hawajatoka uwape kisa, kwa Kiswahili, kwa sauti yako ya kawaida. Waambie nyayo zile ni za nani na zimekuwa zikimtafuta nani. Wakisharudi na peremende zao, kama mdogo anagoma kulala, mpeleke jikoni umwoneshe siri ya kazi: glasi ya maji, mrija, apulize. Mwambie hicho ndicho chungu cha mchawi. Mpe na glavu ya kuoshea vyombo aigeuze karibu na simu inayorekodi, halafu msikilize pamoja alichokipata.